Natafuta ufadhili wa habari ya uchunguzi wa biashara, nianzie wapi?

Mizania:
Wakuu, habari zenu. Nina miaka 9 kwenye uandishi wa habari za biashara na uchumi, miwili ya mwisho nafanya kazi kwa kujitegemea. Kuna habari nimeshindwa kuiacha. Kampuni moja iliyo kwenye soko la hisa imetangaza faida miaka 3 mfululizo. Ukifungua kurasa za mwisho za hesabu zake zilizokaguliwa, maelezo namba 27, unakuta mkopo mkubwa iliyoupa kampuni ya mkurugenzi wake: hauna riba, hauna tarehe ya kurejeshwa. Mistari minne tu, basi.

Nahitaji miezi 4, nauli, ada za kupekua rekodi za msajili wa kampuni katika nchi mbili, na mhasibu wa kunisaidia kusoma hesabu. Mhariri anaitaka habari ila fungu hana. Mwaka jana niliomba ruzuku sehemu nikakataliwa bila maelezo, iliniuma sana. Naomba kuwasilisha.

Kalamu Ngumu:
Pole mkuu. Tenganisha kwanza mambo mawili ambayo wengi tunayachanganya: ufadhili wa masomo na ruzuku ya kazi. Knight-Bagehot ya Chuo Kikuu cha Columbia, iliyoanza 1975, inakupeleka darasani miezi 9 usome fedha, uhasibu na uchumi, ukiwa na uzoefu usiopungua miaka 4. Nieman ya Harvard, ya tangu 1938, nayo ni ya masomo. Hizo zinakujenga wewe, habari yako itabaki kabatini.

Wewe unahitaji ruzuku ya kazi. Angalia McGraw Fellowship for Business Journalism, iliyo chini ya City University of New York: hadi dola 15,000, uzoefu wa miaka 5, na habari zenye harufu ya pesa ndizo wanazozitaka hasa. Pulitzer Center nao hugharamia safari za uandishi. Soma masharti yao ya sasa kabla hujaandika neno, hasa kuhusu lugha ya habari na chombo kitakachoichapisha. Watu wengi huangukia hapo.

Na usidharau ruzuku ndogo. Mwandishi wa Marekani Seymour Hersh alianza kufuatilia mauaji ya My Lai, ya raia waliouawa na wanajeshi wa Marekani huko Vietnam, kwa dola 250 kutoka Fund for Investigative Journalism, mwaka 1969.

Mama Hesabu:
Mizania mwanangu, hebu weka hapa aya ya kwanza ya andiko lako la mwaka jana.

Mizania:
Shikamoo mama. Ilikuwa hivi: "Utawala bora wa kampuni ni suala muhimu katika uchumi wa leo, na vyombo vya habari vina wajibu wa kuelimisha umma..."

Mama Hesabu:
Marahaba. Basi nimeshajua kwa nini walikukataa. Nimekaa kwenye jopo la kusoma maandiko, na aya kama hiyo nilikutana nayo mara kumi kwa siku. Hiyo ni mada, bado haijawa habari. Hapa kwetu umetueleza maelezo namba 27 kwa mistari michache na mimi nimeshataka kujua pesa zimekwenda wapi. Anza na hapo hapo.

Kisha jibu swali ambalo jopo litajiuliza hata kama fomu haikuuliza: mkopo ukionekana ni halali, utabaki na nini mkononi? Omba pia barua ya mhariri inayosema ataichapisha. "Anaitaka" ya mdomoni haitoshi.

Nukta:
Naongezea la bajeti: weka mwanasheria wa kupitia habari kabla haijatoka. Kampuni yenye pesa hukimbilia mahakamani, na ukiwa wa kujitegemea unabeba mzigo peke yako.

Pia uliza pesa ya mfadhili inatoka wapi. Mimi niliwahi kusaini mkataba bila kuusoma vizuri, mfadhili akadai aone rasimu kabla ya mhariri wangu. Nikarudisha pesa yote, na nusu nilikuwa nimeshaitumia, ikabidi nikope. Kipengele cha uhuru wa uhariri kisipokuwepo, usisaini.

Kalamu Ngumu:
Hapo sikubaliani na kurudisha haraka hivyo. Mara nyingi ukiwaandikia wanaondoa kipengele, wengine wamenakili tu mkataba wa miradi yao mingine. Jadiliana kwanza.

Nukta:
Niliwaandikia mara mbili, kaka. Walikataa.

Mizania:
Asanteni sana. Nimeandika upya usiku huu: "Maelezo namba 27 ya hesabu za kampuni hii yanaonyesha mkopo usio na riba kwa kampuni ya mkurugenzi wake. Nina hesabu za miaka 3. Mkopo umekua kila mwaka, na gawio la wanahisa wadogo limepungua kila mwaka."

Mama Hesabu:
Hii ningeisoma hadi mwisho. Weka tarakimu zenyewe: mkopo kiasi gani, faida kiasi gani, mwaka kwa mwaka. Ukimaliza bajeti ilete hapa tuipitie kabla hujatuma.