Mtoto wa miezi 9 analia nikitoka kwenda kazini, nimemdekeza?

MamaK: Wakuu, naombeni ushauri. Mwanangu ana miezi 9. Zamani alichukulika na yeyote, sasa nikishika mkoba tu anaangua kilio, na dada mpya wa kazi akimpokea anajinyonganyonga. Bibi yake anasema nimemdekeza, niwe natoka kwa kunyata. Ni kweli?

Mlezi_01: Hujamdekeza dada yangu, umri umefika. Funika kijiko kwa khanga huku anakuona. Wa miezi 5 kwa kawaida huendelea na mengine kama vile kijiko hakikuwepo. Wa 8 au 9 huifunua khanga akakichukua. Ameshajua kwamba kisichoonekana bado kipo. Ndiyo maana anakutafuta: anajua upo mahali, ila utarudi lini hajui, kwani muda bado hauelewi. Kilio hiki mara nyingi huanza miezi 6 hadi 8, hukolea mpaka mwaka na nusu hivi, kisha hupungua.

Kunyata usifanye kabisa. Atajifunza kwamba mama hutoweka bila dalili, basi atakung'ang'ania hata ukienda msalani.

Mwalimu wa Chekechea: Naongezea namna ya kumzoesha. Siku 3 za kwanza kaeni wote watatu chumba kimoja. Dada asimchukue kwa nguvu, acheze karibu naye mpaka mtoto amfuate mwenyewe. Kisha toka dakika 10, rudi. Kesho yake nusu saa, halafu saa nzima, halafu nusu siku. Kuaga kuwe kufupi, maneno yaleyale kila siku, na ukishaaga nenda. Wengi huharibu hapa: mtoto akilia wanarudi mlangoni mara 2, mara 3, naye anaona kilio ndicho kinachomrudisha mama. Toka akiwa ameshiba na amelala vya kutosha. Khanga yako yenye harufu yako humtuliza akiwa macho na dada akimwangalia. Kitandani usimwachie, inaweza kumziba pumzi.

MamaK: Asante sana. Nitajuaje kama anaumia kweli?

Mlezi_01: Usipime kwa kilio cha kuaga, pima kwa mapokezi. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyechunguza watoto na mama zao karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, baadaye alipima watoto wa mwaka mmoja hivi kule Baltimore, Marekani: mama anatoka dakika chache, anarudi. Kilichomwambia mengi zaidi ni pale mama anaporudi. Mtoto akikukimbilia, akabebwa, akatulia na kurudi kwenye mchezo wake, uhusiano wenu uko imara hata kama asubuhi alilia sana.

Mwulize dada kila siku alilia dakika ngapi baada ya wewe kutoka. Zikipungua wiki hadi wiki, endelea. Ila akigoma kula, uzito ukashuka kwenye kadi, au haitiki jina lake wala hakutazami usoni, mpeleke kliniki, usingoje.

MamaK: Nilipanga aanze kubaki na dada siku nzima Jumatatu hii moja kwa moja.

Mwalimu wa Chekechea: Omba wiki moja zaidi kama kazini wataruhusu. Ikishindikana, anza kesho na zile dakika 10.