Homa ya mama imerudi baada ya mafua kupungua

BintiWaPangani: Habari za jioni wapendwa. Mama yangu ana miaka 68, ana kisukari. Wiki iliyopita mafua makali yalimlaza, kisha akapata nafuu hadi akakaa barazani kuchambua mchele. Tangu alasiri homa imepanda tena, anatetemeka, makohozi yana rangi ya kutu na ubavu wa kulia unamchoma akivuta pumzi. Kaka anataka tumpe amoksilini iliyobaki ya mwanawe. Nasita. Si mafua yaleyale?

MzeeWaChumbageni: Pole binti. Mfukize mwarobaini na mchaichai, atatoka jasho.

NesiWaZamu: Shikamoo mzee. Kufukiza huzibua pua, ila huyu tatizo haliko puani. Na mtu anayetetemeka juu ya sufuria ya moto, tunampokea wodini ameungua.

Dada, mafua yakipungua halafu homa ikapanda upya, mara nyingi si virusi peke yake tena. Virusi huharibu utando wa njia ya hewa pamoja na vijinywele vinavyosukuma uchafu juu. Bakteria waliokuwa wanakaa kooni bila kumsumbua mtu, hasa pneumokoka, hushuka mapafuni. Wengi waliokufa na homa ya mafua ya 1918 walimalizwa na nimonia ya namna hiyo, na penisilini ilikuwa haijajulikana.

Dawa ya mtoto iacheni, ni mabaki na dozi si yake. Mpelekeni usiku huu huu, msingoje kuche. Waambieni mapema kuhusu kisukari. Apimwe sukari, oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni (chini ya 90 ni hatari), apigwe picha ya kifua. Kama kuna mtu hapo nyumbani aliyewahi kutibiwa TB, semeni pia.

BintiWaPangani: Asante dada nesi. Kwa hiyo tulikosea kutompa antibayotiki mapema?

NesiWaZamu: Hata kidogo. Haziui virusi, na ukizimeza ovyo unafuga bakteria sugu. WHO ilieleza mwaka 2024 kuwa asilimia 8 tu ya waliolazwa kwa UVIKO-19 walikuwa na maambukizi ya bakteria juu yake, lakini kama robo tatu walipewa antibayotiki, "kwa tahadhari". Sasa hivi mama yako ana dalili, ndiyo tofauti. Mmeshapata usafiri?

BintiWaPangani: Bajaji iko mlangoni. Kaka anambeba, bado ananung'unika kuhusu amoksilini yake.