YULE JAMAA WA DAFTARI PALE BWAWA LA NYUMBA YA MUNGU ANANITAFUTIA NINI???

Wakuu nimeingia Moshi muda huu, sijavua samaki na sijavua hata viatu. Yule jamaa wa daftari pale mwaloni, mnamjua, yule wa filimbi shingoni na makubazi, leo kaniitia boti yangu BESENI. Mbele ya baba mkwe.

Tumetoka saa kumi alfajiri boti iko juu ya Noah, tumekula vumbi mpaka meno yamebadilika rangi, tunafika tunaishusha watu wanne, nikampa na shikamoo wakati naona kabisa ni rika langu, akataka leseni nikamwonyesha, akauliza chombo kimesajiliwa wapi, nikamwambia mkuu mimi nina ndoano mbili na kopo la nyungunyungu, wavu sina hata kipande. Hapo ndo akaizunguka boti, akaigonga kwa kidole ko ko ko, akasema "hili beseni halishuki humu, kamwogeshee mtoto."

Wamama waliokuwa wanapara perege wakaacha visu, mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Baba mkwe naye akacheka! Mzee hajacheka tangu nipeleke mahari!

Na dakika hiyohiyo nyuma yake mtumbwi unaingia na wavu wa kokoro, mchana kweupe, kokoro hilohilo lililopigwa marufuku, limejaa vitoto vya perege kama kidole gumba, yeye haoni. Anaona beseni. Beseni!! Milioni na laki nane nimetoa.

Meku_Kibo: Weka picha ya beseni tuamue.

ChaliiWaSakina: Kakuokoa huyo. Mle kuna mamba na viboko, kiboko akijikuna tu tunachanga rambirambi.

Mtoa mada: Ni BOTI.

Meku_Kibo: Ko ko ko 😂😂

MamaNdizi: Afadhali wewe umetukanwa bure. Mi juzi nimeuziwa perege "wa bwawani leo leo", kufika nyumbani jicho limeingia ndani kama la mgonjwa.

Mpare_Asiyebahili: Bwawa lenyewe lilijengwa miaka ya 60 kwa ajili ya umeme, megawati 8, sisi tuko jirani tunaona nguzo zinapita na jana nimekula makande gizani.

ChaliiWaSakina: Huku kwetu unakatika ukiwa umemnyoa mteja upande mmoja.

Meku_Kibo: Mtoa mada hilo beseni unauza? Jumamosi nina shughuli natafuta cha kupozea mbege.

MamaNdizi: Mbege ya siku hizi nayo maji matupu, niulizeni mimi niliyekuwa Marangu Jumapili.