Leza ya 660, taa ya 630 au leza ya 810: ipi kwa tiba ya rangi na mwanga?

Kichokoo: Wakuu, habari za kazi. Kliniki inataka kuanza kuua bakteria wa kinywa kwa rangi na mwanga. Hela inatosha kifaa kimoja. Tumeletewa vitatu, kila kimoja na rangi yake: leza nyekundu ya nanomita 660 (urefu wa wimbi la mwanga; nguvu milwati 100) na bluu ya methilini, taa ya LED ya 630 na bluu ya toluidini, na leza ya 810 na indosianini ya kijani. Muuzaji anataka jibu Ijumaa.

Molari6: Ijumaa ni ya muuzaji, si yako. Unatibu nini, mifuko ya fizi (nafasi kati ya fizi na jino) au mizizi ya meno? Leza ya kukatia fizi mnayo? Ya nanomita ngapi?

Kichokoo: Zaidi ni mifuko ya milimita 5 hadi 7 iliyobaki baada ya kukwangua. Mizizi mara mojamoja. Leza ipo, ya 980.

Kauri_Nyeupe: Basi hiyo 980 haikusaidii. Indosianini hufyonza mwanga karibu na 800. Kwa 980 utapasha fizi moto tu. Tena rangi hiyo ina iodini, na ukishaichanganya itumike ndani ya saa 6. Mgonjwa mmoja, chupa nzima. Chukua 660. Bluu ya methilini kilele chake ni karibu 665, na chaji yake chanya huifanya inate kwa bakteria wa Gram hasi (kundi lenye utando wa nje wa chaji hasi), ambao ndio wenyeji wa mifuko mirefu.

Pembe la Jino: Mimi nasimama na LED. Bluu ya toluidini hufyonza karibu na 630, chaji chanya vilevile, na taa ni nafuu.

Kauri_Nyeupe: Nafuu, ila ncha yake ni nene. Nyuzi ya leza inashuka mpaka chini ya mfuko.

Molari6: Kifaa chochote kitakushinda ukikosea utaratibu. Kwangua ugaga kwanza, ngoja damu ikome, maana damu inameza mwanga. Rangi iwe 0.01%: ukiwa na ya sindano ya 1%, mililita 0.1 kwenye 9.9 za maji ya chumvi. Sindano butu, anzia chini ya mfuko ukirudi juu. Acha dakika 3, suuza ziada, kisha mwanga sekunde 60 kila eneo. Milwati 100 kwa sekunde 60 ni juli 6. Usiposuuza, rangi ya juu inakuwa pazia na ya chini haipati kitu.

Tabibu wa Zamu: Kuna kliniki ilinunua rangi bila taa, wakatumia ile ya kugandishia kijazo cha jino. Hiyo hutoa bluu ya 450 hadi 470, ambayo bluu ya methilini karibu haiigusi. Jino lenyewe la mbele. Jiki ilikuwa bado imebaki ndani ya mzizi, rangi ikafifia palepale. Wakadhani rangi ni dhaifu, wakaweka ya 1% bila kuzimua, hadi kwenye chumba cha jino. Bakteria wakabaki, jino likageuka samawati. Jiki isuuzwe yote kabla ya rangi. Baada ya mwanga ndipo irudi, kuondoa rangi iliyobaki.

Binzari: Mbona hamtaji manjano? Kurkumini inaamshwa na hiyohiyo taa ya bluu.

Molari6: Kweli, kilele chake ni karibu 430. Lakini haiyeyuki vizuri kwenye maji, inahitaji kiyeyushi. Manjano ya dukani waachie wapishi.

Pembe la Jino: Na hakuna anayesema kwamba hii ni nyongeza ya kukwangua tu? Tafiti zenyewe zinapingana, na mara nyingi mfuko unapungua kidogo mno.

Kauri_Nyeupe: Kidogo si sufuri, mkuu. Dozi ni ndogo, lakini uliza kama mgonjwa anatumia dawa za sonona au ana upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), ambao pwani si haba. Hao wasipewe bluu ya methilini.

Tabibu wa Zamu: Na miwani. Kile kioo cha chungwa cha taa ya kijazo kinazuia bluu, nyekundu inapita yote. Miwani ya 810 nayo si ya 660.

Kichokoo: Muuzaji anasema miwani inauzwa kando. Na hizo milwati 100 hajui zimepimwa kwenye ncha au ndani ya mashine.

Molari6: Aje na kipima nguvu, apime kwenye ncha mbele yako. Nyuzi ikichafuka au kupinda, mwanga unapotelea njiani. Ncha zake ni za kutupa au za kuchemsha?