Nakabwa na jinamizi kila wiki, naomba ushauri

Wakuu, habari za muda huu. Mwezi wa pili sasa nakabwa usiku. Nashtuka saa tisa, macho wazi, neti naiona, feni naisikia, ila hata kidole hakisogei, na kifuani kama nimewekewa gunia la mchele. Mama anasema nimetupiwa kitu. Mimi nimesoma kwamba kwenye usingizi wa ndoto ubongo huzima misuli tusije tukarusha ngumi kweli, na wakati mwingine akili huamka kabla misuli haijaachiwa. Sawa, nimeelewa, lakini saa tisa usiku sayansi yote inanitoka!

Kazini zamu zinabadilikabadilika, halafu nalala chali. Mliopona mlianza kurekebisha nini, ratiba au mlalo? Na hospitali nimwone daktari gani?