RNA isiyotengeneza protini inakunjaje kromosomu? Naomba kueleweshwa

Mdadisi_Moro
Wakuu habari za usiku. Nipo mwaka wa pili nasoma baiolojia, leo lekchara kapita juu juu kwenye kitu kimoja na mimi nimebaki nacho kichwani mpaka saa hizi. Fomu siksi tulikaririshwa DNA inanakiliwa inakuwa RNA, RNA inasomwa inatoka protini, basi imeisha. Leo naambiwa kuna RNA ndefu kabisa hazitengenezi protini yoyote ila zinahusika na namna DNA inavyokunjwa ndani ya kiini cha seli. Kwamba lazima ikunjwe hilo naelewa, DNA ya seli moja ukiinyoosha inafika kama mita 2 na kiini upana wake hata sehemu ya mia ya milimita kinafika kwa shida. Nilipokwama ni hapa, RNA yenyewe ni kiuzi tu, inakunjaje uzi mwenzake? Au mkunjo unatangulia RNA inafuata? Nipeni mfano mmoja unaoeleweka, majina ishirini sitaki.

Dada_Darubini
Mdogo wangu mfano mmoja unatosha, shika Xist, ni RNA ndefu isiyotengeneza protini, inayozima kromosomu X nzima.

Mwanamke ana kromosomu X mbili, mwanaume moja. Zote mbili zikichapa kazi protini zake zitazidi, kwahiyo kila seli ya mwanamke inazima X moja mapema kabisa tumboni, inachagua kwa bahati tu hii au ile, na seli zote zitakazozaliwa kutoka kwake zinafuata uchaguzi huohuo. Mtafiti wa jenetiki Mary Lyon aliliweka wazi mwaka 1961. Ushahidi unatembea barazani kwako, paka mwenye mabaka ya njano na meusi karibu siku zote ni jike, maana jeni ya unjano iko kwenye X, baka la njano ni seli zilizobakiza X moja na baka jeusi ni zilizobakiza nyingine.

Na sikuelezi nilichosoma tu. Siku ya praktiko tulikwangua ndani ya shavu kwa kijiti tukapaka kwenye kioo tukaweka rangi, nikakaa kwenye darubini nahangaika na seli moja baada ya nyingine, nyingi hazionyeshi kitu, mpaka nikakutana na moja ina nukta nyeusi imejibanza ukingoni mwa kiini. Wenzetu waliopaka seli za wanaume wakatafuta wakachoka. Ile nukta ndo X iliyozimwa, herufi za DNA kama milioni 155 zimebanwa zikawa alama moja, watafiti Barr na Bertram waliiona mwaka 1949 kwenye seli za neva za paka. Nilitetemeka kwakweli, ile ni X ya mama yangu au ya baba yangu imelala pale.

Sasa nani kaizima? Jeni ya Xist iko kwenye X hiyohiyo, ilijulikana mwaka 1991. RNA yake kwa binadamu ina herufi kama 19,000. RNA za kawaida zikishatengenezwa zinatoka nje ya kiini kwenda kusomwa, hii haitoki, inang'ang'ania kromosomu iliyoizaa. Kazi yake haimo kwenye ujumbe, imo kwenye kukaa mahali na kuita wengine. Ina vipande vinavyojirudia rudia na vinashika protini tofauti. Kimoja kinashika SPEN, mwaka 2015 maabara kadhaa ziliikuta karibu kwa wakati mmoja, SPEN ndo inaleta vimeng'enya vya kufuta alama za "jeni hii iko wazi". Kingine kinashika LBR, protini inayokaa ukutani mwa kiini, X inavutwa pembeni, ndo maana nukta yangu ilikuwa ukingoni.

Uzi_na_Kitanzi
Dada kaeleza vizuri sana ila niongezee kwenye lile swali la nani anatangulia, maana hapo ndo patamu.

Chukua kanga iliyokunjwa kabatini, dondosha wino juu yake. Ukija kuitandaza utakuta madoa manne matano, na yako mbali mbali kabisa. Wino haukutembea kwenye kitambaa kutoka pindo mpaka mji, ulipenya palipokuwa pamelaliana. Xist inaanza hivohivo. Mwaka 2013 watafiti akina Mitchell Guttman walifuatilia inatua wapi kwanza kwenye seli za panya, wakakuta haisambai kwa kufuata uzi herufi kwa herufi, inaanzia sehemu ambazo kwenye uzi ziko mbali ila kwa mkunjo ziko jirani na jeni yake. Wakaihamishia Xist sehemu nyingine ya X, na madoa ya kwanza nayo yakahama, yakafuata majirani wapya. Kwahiyo mkunjo ndo unaionyesha njia, halafu ikishatua inaubadilisha mkunjo wenyewe.

Majirani wanajulikanaje? Kuna mbinu ya mwaka 2009 inaitwa Hi-C, wanaweka fomalini kila kitu kigande kilipo, wanakatakata DNA, vipande vilivyogandiana wanaviunganisha, kisha wanasoma nani kaungana na nani.

Kwenye X iliyozimwa utakuta vile vitanzi vidogo vidogo vingi vimepotea, maana Xist inazifukuza kohesini, zile pete za protini zinazovuta DNA mpaka inakuwa kitanzi. Kromosomu inabaki mabonge mawili makubwa, mpaka wake ni sehemu inaitwa DXZ4. Ila hapa wengi wanakosea: watafiti walikata DXZ4 kwenye panya, mabonge mawili yakapotea, na jeni karibu zote zikabaki zimezimwa vilevile. Kwahiyo usiandike kwenye mtihani kwamba mkunjo ndo unaozima. Anayezima hasa ni SPEN na wenzake.

Mdadisi_Moro
Aisee ile ya kanga imeingia. Ila kromosomu herufi milioni 155, Xist ngapi zinatosha kuifunika?

Uzi_na_Kitanzi
Kama mia hivi kwa seli, mkuu. Haziifuniki yote, zinatua vituo kama hamsini na kila kituo kinakusanya protini nyingi kukizunguka.

Mama_Wawili
Samahani naingilia, mimi sio msomi wa haya. Mtoto wangu wa mwisho ana Down, tuliambiwa kromosomu 21 zipo tatu. Kama RNA moja inazima kromosomu nzima, haiwezi kuzima hiyo ya tatu?

Dada_Darubini
Shikamoo mama. Swali lako ndo hilohilo alilojiuliza mtafiti Jeanne Lawrence kule Massachusetts, Marekani. Mwaka 2013 yeye na wenzake walichukua seli za mtu mwenye Down, wakapachika jeni ya XIST kwenye 21 moja kati ya zile tatu, wakaiwasha. RNA ikaifunika, jeni zake zikazimwa, na ikajikunja ikawa nukta kama ile ya X. Ilikuwa ni seli kwenye sahani za maabara, mama, sio mtu, na sio tiba, usikubali mtu akuuzie kitu kwa jina hilo. Ila imewapa njia ya kulinganisha seli zilezile, 21 ya tatu ikiwa imezimwa na ikiwa inafanya kazi, wajue kipi hasa kinaharibika. Mtoto ana umri gani?

Mama_Wawili
Marahaba mwanangu. Sita. Ameanza shule ya awali mwezi uliopita.