Tupeane uzoefu: Una taaluma yako, upo ughaibuni na familia, kazi ya fani hupati

Wakuu, salaam. Tulio nje na familia, tusimuliane tulivyohangaika kupata kazi tulizosomea. Naanza mimi.

Ni mhasibu, nilikuwa kazini miaka 11 kabla ya kuhamia Kanada na mke wangu na watoto wawili. Vyeti vilipita WES, shirika linalotathmini vyeti vya nje, wakasema shahada yangu inalingana na ya huku. Nikajua nimemaliza. Kumbe tathmini ile ilinifaa kwenye uhamiaji tu, waajiri wengi hawakuiuliza kabisa. Walichouliza ni kimoja: hapa Kanada umefanya kazi wapi? Mwezi wa saba nikaingia ghalani zamu ya usiku, kupiga boksi. Asubuhi mke wangu anatoka, mimi naingia, tunakabidhiana watoto mlangoni sijavua hata koti.

Siku moja mwanangu wa darasa la pili alikuwa anajaza karatasi ya shule. "Baba, niandike unafanya kazi gani?" Nikamwambia andika mhasibu. Akatazama viatu vyangu vya ghalani, vile vyenye chuma mbele, kisha akaandika polepole. Iliniuma sana, na mpaka leo sijamwambia mama yake.

Nilipotokea: wasifu wangu wa kurasa tano niliupunguza ukawa mbili, nikaondoa picha, umri na habari za ndoa, nikaomba ukarani wa malipo badala ya uhasibu mkuu. Mkataba wa miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu ndiyo ikawa jibu la lile swali lao.

Muuguzi, Uingereza
Kaka, pole. Mimi nilimfuata mume. Ili NMC, baraza la wauguzi na wakunga la huku, wakusajili kuna mtihani wa kompyuta, kisha OSCE ya vitendo, na Kiingereza juu yake. Kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza, nilikwama kwenye kuandika: wanataka 6.5, nikapata 6 mara mbili. Kipindi hicho nilikuwa mhudumu kwenye nyumba ya wazee. Asubuhi moja namlisha bibi uji, nikaona mdomo umepinda na kijiko kimemponyoka. Nilijua ni kiharusi. Lakini mimi si muuguzi pale, nikakimbia kumwita wa zamu, na moyo wangu ulikuwa unasema kazi hii ni yangu.

OSCE nilijiandaa chumbani. Mume analala kitandani ndiye mgonjwa, binti yangu anashika saa, mimi napima mapigo na kusema kwa sauti kila ninachofanya. Nilifaulu mara ya kwanza. Bila wao nisingeweza.

Mwalimu, Ujerumani
Mimi bado. Huku mwalimu kwa kawaida anatakiwa awe na masomo mawili ya kufundishia, mimi chuoni nilichukua hisabati peke yake. Kwa hiyo nirudi chuo, na Kijerumani kifike C1 au C2, ngazi mbili za juu kabisa za lugha, kulingana na jimbo. Mdogo wetu hajapata nafasi chekechea, nasoma akilala mchana. Nipo B2, ngazi moja chini ya C1.

Mgeni
Mimi ni mfamasia, tunahama mwezi ujao na watoto watatu. Nianzie wapi?

Mhasibu
Mkuu, leo hii soma masharti ya bodi ya wafamasia ya huko mwendako, usingoje ufike. Bodi nyingi zinataka chuo kitume matokeo chenyewe moja kwa moja, na kufuatilia masjala ukiwa mbali ni mateso. Barua za waajiri wako pia zichukue sasa, zitaje majukumu na tarehe.

Halafu kaeni na mwenzio mpatane nani atasoma kwanza, nani atashika kazi yoyote, na kwa muda gani. Sisi hatukupatana. Tulikuja kuyazungumza jikoni saa sita usiku, kwa kunong'ona watoto wasiamke, kila mmoja akiamini ni yeye aliyeacha zaidi.

Mwalimu, dada yangu, B2 na mtoto mgongoni si kidogo. Ukifanya mtihani wa C1 rudi utuambie.